Neno Alilolisoma Baba

Leo nimepita soko la viatu kule Liuhua, katika mji huu wa ugenini tuliohamia zamani, harufu ya gundi ikanirudisha chumbani kwetu, nilipokuwa mdogo. Baba alikuwa amemaliza kubandika jalada la kamusi yake kuukuu ya Kiingereza kwa gundi ileile, akawa anatusomea.

“Sikilizeni hili. ‘Quick’ tunajua ni haraka. Kumbe asili yake ni hai, kitu chenye uhai. Hata mtoto akianza kucheza tumboni, zamani walitumia neno hilohilo.” Akamgeukia Mama, anacheka. “Wako je, anacheza?”

Mama alikuwa anakunja nguo. Kwetu mambo ya tumbo huambiwa wanawake, na jengo zima halikuwa na mwanamke wa kwetu.

“Tangu juzi hachezi,” akasema, hakuinua uso.

“Juzi! Mbona hukuniambia?”

“Nikuambie wewe, mwanamume?”

Baba akapiga magoti, akamwekea sikio tumboni. Nikabana pumzi ili asikie vizuri. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka akasema twende hospitali, akanifunga vifungo vya koti kwenye matundu yasiyo yake, nami nikaogopa kumwambia.