Kura za Msufini Hazina Wasiwasi

Mtaa wa Msufini, hapo Ujiji, ulikuwa na sifa moja tu mbele ya wakubwa: hauna wasiwasi. Uchaguzi ukikaribia, viongozi wa chama wanakaa kikao wanaumiza vichwa. Huku pagumu, kule pamelegea, pale jirani zetu Kizingani watu vigeugeu, hujui wameamkia upande gani. Wakifika Msufini wanacheka. "Hapo hapana wasiwasi, tupite." Na kweli walipita, miaka nenda miaka rudi.

Bomba la maji lilikuja mpaka Kizingani likasimama. Yaani pale pale mtaa unapoishia, na ukivuka njia tu uko Msufini. Kizingani walipata bomba, wakapata kalavati, wakapata na zahanati yenye bati jipya, kwa sababu kila mgombea aliwaogopa. Msufini tulipata kanga na fulana. Maji tuliteka ziwani, ndoo kichwani, na kipindupindu kikiingia mjini kilikuwa hakiulizi njia ya kuja kwetu. Sasa niambie, hiyo ndiyo shukrani?

Aliyeifanya Msufini isiwe na wasiwasi alikuwa mwanamke mmoja, Kuruthumu binti Athumani, balozi wa nyumba kumi. Walikuwepo mabalozi wengine, lakini yeye ndiye mkubwa wao, akikohoa wanaitikia. Mfupi, mnene, mjane asiyejaliwa mtoto, mwanika dagaa pale mwaloni, ufukweni boti za wavuvi zinapofikia, tangu ujana wake. Sauti yake ilikuwa inamfikia mvuvi aliye mbali na nchi kavu. Siku ya kupiga kura, alfajiri, alikuwa anapita mlango kwa mlango akigonga mfuniko wa sufuria: "Amkeni! Mtalala kaburini!" Watu wanatoka wanapepesa macho, wanacheka, wanakwenda kupanga foleni. Jua halijawa kali, Msufini imeshamaliza kazi. Alikipenda chama chake jamani, alikipenda kweli, kama mtu anavyoipenda nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Mwaka wa tisini na sita, vita ya Burundi ilipochacha, boti ya wavuvi ilileta watu kutoka Rumonge. Miongoni mwao alikuwamo binti mmoja, Honorata, amelowa, kanga moja mwilini, hana mtu. Mumewe aliuawa na ndugu zake hakujua walikimbilia wapi. Kuruthumu alikuwa anageuza dagaa. Akamtazama, akamtazama tena, akamwambia, "Wewe, utasimama hapo mpaka lini? Shika huo ufagio, ukimaliza twende ukale." Ndivyo Honorata alivyoingia nyumba ya Kuruthumu, na hakutoka.

Miaka minne. Alijifunza kuanika, akajifunza kujua dagaa wa kugeuza na wa kuacha kwa kuwagusa tu na kiganja. Kuruthumu akamwita mwanangu, naye akamwita mama, kwa lafudhi ile ya kwao yenye kuvuta maneno. Balozi alipopatwa na kipindupindu, majirani walisimama mlangoni wameziba pua. Honorata ndiye aliyeingia. Alimsafisha, akamnywesha chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, akalala chini pembeni ya kitanda mpaka mgonjwa alipoanza kugomba tena. "Ego mama, ndiyo mama," alisema alipomsikia akigomba, "sasa umepona."

Ukaja mwaka elfu mbili, mwaka wa uchaguzi. Amri ya kwamba wakimbizi wote wakae makambini ilikuwepo siku nyingi, lakini mjini ilikuwa imelala. Kampeni zikaiamsha. Kila aliyepanda jukwaani alikuwa na neno juu ya wakimbizi, na gari la mgambo likaanza kuzunguka mitaani. Leo unasikia wamebeba watu Gungu, kesho Katubuka. Honorata akaacha kwenda sokoni. Mwaloni alikuwa anafanya kazi shingo imegeukia barabarani, na Kuruthumu akimwona hivyo roho inamuuma. Hofu yake ikawa moja, usiku na mchana: asichukuliwe huyu.

Diwani wetu alikuwa Khalfani, mtoto wa hapa hapa, aliyekulia kwenye mchanga ule ule wa dagaa. Alikuja Msufini mara moja tu kampeni nzima. Tena mkutano wakauweka mwaloni, asubuhi, siku za giza la mwezi! Mtu wa Ujiji, anajua fika kwamba giza ndipo dagaa wanapovuliwa kwa wingi, na asubuhi ndipo mchanga wote unapotandazwa dagaa mpaka huna pa kuweka mguu. Wanawake walinung'unika. Kuruthumu akawanyamazisha, wakazoa dagaa wabichi wakawarundika kwenye makarai ili mheshimiwa apate pa kusimama. Alifika jua la utosi. Dagaa wameshaanza kunuka.

Mzee mmoja akauliza habari ya bomba. Khalfani akainua mikono. "Ndugu zangu, maji yapo! Tatizo ni moja. Maji yenu wanakunywa wakimbizi!"

Watu walipiga makofi, na Kuruthumu naye akapiga. Miaka yote hiyo, mgombea akipaza sauti, viganja vyake vinakutana vyenyewe. Halafu akageuka, akamwona Honorata nyuma ya masufuria ya pilau, upawa mkononi, ndoo ya maji aliyoiteka ziwani kwa kichwa chake iko miguuni pake. Pilau lile la mheshimiwa alilipika yeye. Kuruthumu alitamani mchanga ummeze.

Watu walipokuwa wanakula alimfuata Khalfani chini ya turubai.

"Shikamoo mama yangu," Khalfani akaanza, maana heshima ya mdomoni hakuikosa.

"Marahaba. Mheshimiwa, nina ombi. Sijawahi kukuomba kitu."

"Sema mama, wewe ndiye uliyeniweka hapa."

Akamweleza habari za Honorata, toka boti mpaka kipindupindu. Khalfani alisikiliza huku anang'ata mfupa, akatikisa kichwa kwa huruma. "Mama, hilo dogo sana. Kesho mlete ofisi ya chama, kwa katibu Dismasi. Ataandikiwa barua, atatulia, hakuna atakayemgusa."

Kwa nini asiamini? Alimjua Khalfani tangu anatambaa. Ofisi ile ilikuwa ni yake vilevile, matofali yake alikuwa ameyabeba kichwani. Alirudi nyumbani anatembea kama msichana, akatoa sandukuni doti ya kanga ambayo haijavaliwa, akamwambia Honorata kesho avae hiyo.

"Mama, tusiende," Honorata alisema. "Mimi nikiona ofisi naliona lile gari la mgambo."

"Acha ujinga, mtoto wewe. Ile ofisi ni yangu."

Wakaenda. Honorata amejifunga kanga mpya, Kuruthumu mbele, anasalimia kila mtu njiani kwa sauti ili wamuone. Dismasi aliwapokea vizuri tu, akawapa benchi, akatoka nje kidogo. Aliporudi alirudi na mgambo wawili, na gari lilikuwa linanguruma mlangoni. Wakamshika Honorata mikono huku na huku. Na Dismasi, Mtume wangu, Dismasi akampa Kuruthumu mkono. "Mama balozi, tunashukuru kwa ushirikiano. Mabalozi wote wangekuwa hivi, kazi ingekuwa rahisi."

Ushirikiano! Kuruthumu alipiga kelele mpaka watu wa sokoni wakakimbilia pale. Aling'ang'ania ubao wa gari, mgambo akamtoa vidole kimoja kimoja. Honorata hakulia. Alikaa kwenye sakafu ya gari katikati ya watu wengine waliokamatwa, akamtazama.

"Mama," akasema, "si ulisema ofisi yako?"

Gari likaondoka kuelekea Kidahwe, njia ya Kasulu, kambini. Neno lile Kuruthumu alirudi nalo nyumbani, na halikumtoka.

Alimtafuta Khalfani siku nzima. Unadhani alimkuta wapi? Kizingani, tena kwa miguu, anaingia nyumba hadi nyumba, anapakata watoto wa watu wenye makamasi. Pale njiani akakutana na Bi Yusra, balozi mwenzake wa mtaa ule, akamweleza yaliyomfika.

Bi Yusra alishika kiuno. "Ala! Mbona hapa kwetu wapo Warundi wawili, wanakaanga mihogo pale kona, na mgambo walikuja juzi? Niliwaambia, mkiwagusa hawa, kura za hapa mtazisikia redioni. Wakageuza gari. Kwani wewe uliwatishia nini?"

"Sikutisha. Niliomba."

"Ndiyo hapo sasa, shoga yangu," alisema Bi Yusra. "Wewe wakuogopee nini, na kura zako wanazo mfukoni?"

Kuruthumu alisikia moto unampanda kutoka miguuni. Alimkuta Khalfani kwenye baraza ya mtu, Dismasi pembeni yake, akawasimamia bila salamu.

"Mrudisheni mwanangu."

"Mama, ile ni amri ya serikali. Sheria ni sheria," Khalfani alisema taratibu, anaangalia watu wanaosikiliza.

"Sheria ya Msufini na sheria ya Kizingani ni mbili? Warundi wa hapa hawanywi maji?"

Khalfani akamgeukia Dismasi. Dismasi akacheka, kicheko cha kumbembeleza mtoto. "Mama balozi, punguza hasira. Uchaguzi Jumapili. Msufini ni nyumbani, na nyie mtakwenda wapi?"

Nyie mtakwenda wapi! Miaka yote ya kugonga mfuniko, matofali, pilau, na dagaa waliooza kwa ajili ya hotuba moja, malipo yake ndiyo hayo. Kuruthumu akawapa mgongo. Alirudi mtaani akawaita mabalozi wenzake na wanawake wa mwaloni, akawasimulia yote, hata lile la yeye mwenyewe kumpeleka. Wengine walilia. Mmoja alisema Mrundi ni Mrundi tu, akazomewa mpaka akaondoka.

Jumapili ilifika ikiwa bado giza la mwezi. Boti zilirudi alfajiri zimejaa, na Msufini hapakusikika mfuniko. Wanawake walishuka mwaloni na makarai yao, wakatandaza dagaa kutoka mwanzo wa mchanga mpaka mwisho wake, waume zao wakashughulika na nyavu. Kituo cha kura kikabaki na wasimamizi na nzi. Saa tano Dismasi alikuja anatoka jasho. Saa saba akaja Khalfani mwenyewe, viatu vyeusi vinazama mchangani.

"Shikamoo mama."

Kuruthumu aligeuza dagaa. Shikamoo ile haikuitikiwa, na kila aliyekuwepo alishtuka, maana kwetu hilo si jambo dogo.

"Mama, unataka kuniaibisha? Kapigeni kura, nikishinda tu nakwenda mwenyewe kambini kumchukua."

"Mlete kwanza."

"Kasulu ni mbali, mama, leo haiwezekani!"

"Mlipompeleka hapakuwa mbali."

Akabembeleza, akakasirika, akabembeleza tena. Wachache walimwonea haya wakaenda. Wengi hawakwenda, na vituo vikafungwa. Khalfani alipita, lakini alipita ananing'inia, kwa kura walizorudia kuhesabu, na usiku ule chama kizima hakikulala kwa ajili ya Msufini.

Kumleta Honorata? Thubutu! Kuruthumu alikwenda mwenyewe Kasulu, getini akaambiwa hana kibali. Akahangaika na kibali kwa miezi. Aliporudi nacho, akaambiwa huyo mwanamke alikwishajiandikisha kurudi Burundi kwa hiari yake. Kwa hiari yake! Kurudi kwa nani, na vita ile ile inaendelea? Hakuna aliyejua alikofikia. Kuruthumu alikaa chini pale getini, mpaka askari mmoja akamwonea huruma akamtafutia lori la kumrudisha.

Sasa sikia. Mwaka haukuisha tangu uchaguzi, mafundi wakaingia Msufini na sururu. Chama kimepata wasiwasi! Walichimba kutoka Kizingani, wakavuka njia, na bomba likafika, limejengewa saruji safi na koki mbili. Siku ya ufunguzi palikuwa na turubai, spika, ngoma, na Khalfani akachukua kipaza sauti akatangaza kwamba hakuna anayestahili kufungua maji haya ila mama yetu, mama wa Msufini, balozi Kuruthumu. Watu wakashangilia, wanawake wakapiga vigelegele, na ndoo zilikuwa zimepangwa foleni mpaka barabarani.

Kuruthumu alitoka mbele. Khalfani akampa kipaza sauti, akamshika mkono na kuupeleka kwenye koki ili apigwe picha. Kuruthumu aliutoa mkono wake.

"Mheshimiwa," alisema, na sauti ile ilifika mpaka mwaloni, "mimi maji sikukuomba. Nilikuomba Honorata."

Akamrudishia kipaza sauti, akachukua ndoo yake, akashuka nayo ziwani.