Nilisimamia project ya vitambaa vya introduction ya dada yangu, nikamkosea auntie

Niaje wakuu.

Mimi huwa nasoma tu hapa, hii ndiyo mara ya kwanza nafungua uzi. Niko Form Three, naishi Kianda, na kuongea na watu hunishinda, ndio maana huandika diary. Nawapa hii story vile ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mbaya.

Mwaka huu familia ya boyfriend wa dada yangu Nekesa walisema wanakuja introduction, yaani kujitambulisha rasmi kwetu. Mama akaamua viti vyote vivalishwe vitambaa vipya vya crochet, rangi ya maziwa na maua ya maroon. Sio vya kununua. Kwetu mgeni akiingia huangalia viti kabla ya watu.

Tulikuwa na wiki tisa. Nikapewa kazi ya kupanga kwa sababu mimi ndiye mtu wa notebook.

Nilikuwa nimeona video ya jamaa anafundisha kupanga project kubwa. Igawe hatua ndogo ndogo, kila hatua iwe na mwenyewe na tarehe, halafu kila Jumapili kaa chini u-review. Kijani imeisha, bluu inaendelea, nyekundu imekwama.

Wakuu, nilijiona CEO.

Mama alichukua meza, Nekesa mikono ya viti. Migongo tuligawana na Auntie Rispah, dada ya baba, anayeishi Kawangware. Mimi mbili, yeye sita. Ndiye alinifundisha kufuma, na kwake nilikuwa mtoto wa nyumba. Nikiingia tu: "Nafula, vyombo vinakungoja, usijifanye huvioni."

Kila Jumamosi nilienda kuangalia amefika wapi. Alikuwa ananicheka. "Huyu ni karani wa chief! Ameniandikia mpaka siku ya kumaliza."

Wiki ya tatu akanipa viwili vya kwanza. Kufika nyumbani nikaviweka juu ya changu. Vilizidi kwa vidole vinne kila upande.

Nikaelewa. Auntie hufulia watu nguo, na vidole vikimuuma hutumia hook nene. Hook nene, kitambaa kikubwa. Na mimi sikuwa nimeandika size ya hook popote. Rangi ya kalamu nilikumbuka, hook nikasahau.

Nekesa aliviona akasema, "Hizi ni shuka. Mwambie mapema."

Nikaandika kwa nyekundu: Ongea na Auntie.

Sasa mniambie, unamwambiaje mtu aliyekufundisha kwamba amekosea? Jumapili ikifika nilisongesha huo mstari wiki ijayo. Halafu nyingine.

Yule jamaa wa video alisema ukiahirisha kitu mara tatu, kigawe tena. Nikagawa: msalimie, sifia kazi, toa kitambaa changu, sema.

Mbili za kwanza nilizimaliza, nikazipaka kijani. Ya kusifia ndiyo iliharibu kabisa. Auntie alifurahi mpaka akaongeza kasi.

Notebook ilikuwa imejaa kijani mpaka ukiiangalia unaona project iko sawa. Nyekundu ilikuwa moja tu.

Siku yenyewe ikafika. Wageni wakapiga simu wako stage ya Olympic, wanashuka na mguu. Mama akavalisha viti, akarudi nyuma, akaangalia. Vya Auntie vilikuwa vimelala mpaka kwa kalio la kiti. Akavitoa vyote sita haraka haraka na kuweka vya kuazima kwa jirani.

Auntie akaingia na thermos.

"Mulamwa, vyangu viko na nini?" akamuuliza mama. Hivyo ndivyo shemeji huitana kwetu.

"Ni size tu, mulamwa. Usiskie vibaya. Si Nafula ndiye alikuwa anapima?"

Auntie akanigeukia. "Ulijua?"

"Kutoka wiki ya tatu."

Aliweka thermos chini polepole. "Na kila Jumamosi ulikuwa kwangu. Unakunywa chai yangu, unaniambia ni vizuri."

Nikaokota thermos nikaipeleka mezani.

Wageni wakaingia. Auntie aliwapakulia, akacheka nao, akaimba kuliko mtu yeyote. Walipoondoka akaweka vitambaa vyake kwa paper bag na kwenda. Hajarudi kwetu tangu siku hiyo.

Likizo ya August nilienda Kawangware peke yangu. Nikamwambia pole. Akasema, "Ilipita hiyo." Akanipangusia kiti na leso. Akaniletea chai na mkate kwa sahani.

Nilipomaliza nikachukua vikombe nikavioshe.

"Wacha," akasema kwa upole kabisa. "Mgeni haoshi vyombo."

Wakuu, heri angenitukana.

Nilichojifunza: system inaweza kukuonyesha kila kitu, lakini haiwezi kukuongelea. Mimi niliita kunyamaza heshima, kumbe nilikuwa najilinda. Dakika mbili za aibu wiki ya tatu, angebadilisha hook, anicheke, niende kuosha sufuria.

Kama umewahi kumkosea auntie au shosho hivi, niambie hapo chini. Mtu akishakuwa mgeni, anarudi aje kuwa mtoto wa nyumba?