Shati Jeupe la Bwana Maono

Fundi alianza kumdharau Bwana Maono kwa sababu ya viatu, akaendelea kwa sababu ya mikono, na lilipokuja suala la shati dharau ilikuwa imeshakomaa, inatafuta pa kutokea tu.

Viatu vilikuwa vya kisigino kigumu. Katika chumba ambacho mtu akipiga chafya mwanasesere anaanguka, mwenye akili zake hatembei ko, ko, ko kama anakagua gwaride. Mikono nayo ilikuwa laini, haijui koleo wala gundi, na kazi yake pekee ilikuwa kuchora hewani wakati mwenyewe akieleza maono yake. "Maono yangu hapa ni upweke," angesema, vidole vikielea juu ya meza kama vimekosa pa kutua. Ndipo lilipotoka jina. Jina alilopewa na wazazi wake alikuwa nalo, ila humo chumbani hakuna aliyejisumbua kulitumia.

Chumba zamani kilikuwa stoo ya magodoro. Sasa kuta zilikuwa zimepakwa rangi nyeusi, madirisha yamezibwa kwa mapazia mazito, na juu ya meza katikati ilisimama nyumba isiyo na ukuta wa mbele, yenye kitanda cha ukubwa wa kitabu na kabati unaloweza kulibeba kiganjani. Humo aliishi Bibi, mwanasesere wa urefu wa chupa ya soda, mwenye mifupa ya waya, mwili wa sponji na macho mawili ya shanga nyeusi. Filamu ilimhusu yeye: mjane asiyejua alifanyeje koti la marehemu mumewe.

Filamu ya namna hiyo haina haraka. Unamsogeza Bibi mkono kiasi cha upana wa ukucha, unarudi nyuma, unapiga picha. Unamsogeza tena, unarudi, unapiga. Picha kumi na mbili ndiyo sekunde moja. Mtu hodari akishinda kutwa nzima anaondoka na sekunde sita na mgongo unaolia. Na hodari humo alikuwa mmoja tu, kwa maelezo ya hodari mwenyewe. Fundi alikuwa ametengeneza saa za mkononi miaka ishirini katika kibanda cha kioo, mpaka watu walipoamua kwamba simu inatosha, uamuzi ambao hakuwasamehe. Aliyemtoa kibandani na kumleta kwa wanasesere, miaka kumi na miwili iliyopita, alikuwa Bwana Maono, mwongozaji wa filamu. Hilo Fundi hakupenda kukumbushwa.

Wengine walikuwa wawili. Shangazi, ambaye hakuwa shangazi wa yeyote kati yao, alishona nguo za wanasesere kwenye kona yake, miwani puani, sindano mdomoni, maneno machache. Mpwa wa Fundi, mtu mzima mwenye watoto wake wawili, alishughulika na taa na kompyuta. Fundi aliwaona wote wawili kuwa wanafaa kwa kadiri yao. Mpwa alikuwa mzembe wa kuzaliwa, upande wa baba yake. Shangazi alikuwa mzuri wa vifungo, basi.

Sheria ya chumba ilikuwa moja, na aliiweka Fundi: nguo nyeusi, na kila mtu asimame kwenye utepe wake uliobandikwa sakafuni. Kitu cheupe kikikaa karibu na meza hurudisha mwanga wa taa, na kikisogea, mwanga nao unasogea. Kwa macho huoni kitu. Ukiziunganisha picha, ukuta wa Bibi unang'aa na kufifia, unang'aa na kufifia, utadhani kuna mtu nje anachezea pazia. Fundi mwenyewe alivaa nyeusi kuanzia shingoni hadi soksi. Miguu yake ilitua kwenye utepe ule ule, kisigino kwa kisigino, kila picha, na aliweza kukueleza jambo hilo kwa dakika ishirini bila kuulizwa.

Bwana Maono alivaa mashati meupe. Yamepigwa pasi, yana mikono mirefu, jeupe leo, jeupe kesho. Kila siku baada ya chakula cha mchana alikuja kuchungulia, kijiti cha meno mdomoni, akasimama nyuma ya Fundi na kuguna kama mtu anayeonja kitu. Na kila wiki mpwa alipounganisha picha, za asubuhi zilikuwa safi na za mchana zilikuwa na ule mweko ukutani.

Walirudia tukio la kukunja koti mara ya kwanza. Wakarudia mara ya pili. Mara ya tatu mweko ulipotokea, Fundi aliweka kibano chake mezani taratibu, na mpwa akajua kumeharibika.

"Toka," Fundi alimwambia Bwana Maono.

"Mzee wangu, nilikuwa naangalia tu..."

"Unaangalia nini? Wewe hata kijiko hujui kumnyanyulisha mwanasesere. Miaka kumi na miwili unakuja hapa kutuonyesha nguo! Shati lako ndilo linaniharibia kazi. Wiki tatu nzima kwa sababu ya shati!"

"Labda ni taa..."

"Taa haina kosa. Nikunje koti hili wewe ukiwa nje, siku nne, usikanyage humu. Mweko ukionekana tena, mimi naweka chini kibano, naondoka, na sirudi. Nimeapa mbele ya hawa."

Bwana Maono aliwatazama hao walioapiwa. Shangazi alikuwa akitafuta uzi. Mpwa aliinamia kompyuta kama ameitwa humo ndani. Basi akatoka, na kwa mara ya kwanza viatu vyake havikulia.

Zikawa siku nne za raha. Fundi hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile, na alisema hivyo. Bibi alilichukua koti kitandani, akalinyoosha, akasita, akapitisha kiganja begani mwa koti kana kwamba mwenyewe bado yumo. Kule kusita peke yake kulikuwa picha kumi na nane ambazo karibu hazina tofauti. Mchana mgongo ulipoanza kuuma, Fundi alijiegemeza kidogo mbele, miguu ikiwa pale pale kwenye utepe, akaendelea. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Jumla picha mia tatu na kumi na mbili, na hapana hata kivuli cha mjinga.

Jioni ya siku ya nne, jua likiwa bado halijazama, mpwa aliziunganisha. Bibi akaanza kukunja koti.

Ukuta ukang'aa. Ukafifia. Ukang'aa.

Fundi aliomba irudiwe, ikarudiwa, na ukuta haukubadili ushahidi wake. Akasema ni taa. Mpwa akasema taa ameipima kila asubuhi na kila jioni. Akasema ni pazia. Shangazi akasema pazia amelibana kwa pini mwenyewe.

"Basi ni nini?" Fundi alifoka. "Sema wewe, si ndiye mwenye kompyuta!"

Mpwa alikuna shingo. "Mjomba, ngoja nikukuzie jicho la Bibi."

Alichagua picha moja ya asubuhi, akaikuza mpaka ile shanga nyeusi ikajaa kioo kizima. Ndani ya shanga kulikuwa na chumba chote, kimepinda na kuwa kidogo: taa mbili, meza, giza. Katikati ya giza palikuwa na kidoa cheupe. Mpwa akaleta picha ya mchana. Kidoa kilikuwa kimesogea mbele na kuwa kikubwa, kimeikaribia taa. Picha iliyofuata kimerudi nyuma. Iliyofuata kimekuja tena.

Fundi alikitazama kidoa kile kwa muda. Halafu, polepole, akajipapasa kichwa.

Alijua kwamba ana mvi. Nani asiyejua mvi zake? Lakini zilikuja moja moja, leo moja, kesho nyingine, kila asubuhi kioo kikimwonyesha mtu wa jana, na yeye aliyekuwa akila mkate wake kwa mabadiliko ya upana wa ukucha hakuyaona ya kwake. Walipokuwa wakimwita mzee wangu alidhani wanaheshimu ufundi. Hata mkewe alipoanza kumwita hivyo alidhani ni mapenzi. Sasa ndani ya jicho la mwanasesere aliona alivyo: kichwa cheupe pe, kinachoinama na kuinuka mbele ya taa kila mgongo ukimuuma. Alijionea aibu, tena aibu ya kuvuliwa nguo hadharani.

Hodi ikapigwa.

Bwana Maono aliingia akiwa amevaa shati jeusi. Jipya, bado lina mistari ya kukunjwa dukani, na chini ya kola kipini cha karatasi alichosahau kukitoa. Alitembea kwa soksi, viatu mkononi, kama mtoto aliyechelewa kurudi.

"Mzee wangu," alisema, "nimekuja kuomba radhi. Nimekaa nyumbani nikafikiri, nikaona ulisema kweli. Nimekuharibia kazi kwa ajili ya kupenda kuonekana. Shati jeupe sivai tena humu. Vipi, tukio limetoka safi?"

Mpwa akamtazama mjomba wake. Shangazi akatoa sindano mdomoni, jambo alilofanya kwa nadra.

Ilikuwa rahisi mno. Neno moja tu, limetoka safi, na mjinga angeondoka na hatia yake akishukuru. Fundi angerudia tukio kimyakimya, na hao wawili wasingethubutu kufungua kinywa. Fundi alilionja lile neno, akaliona tamu, akamtazama tena yule mtu na kipini chake cha karatasi shingoni. Kudanganya mtu anayemheshimu angeweza. Kumdanganya huyu, akabaki na deni kwa mtu anayemdharau, hapana.

"Halikuwa shati," alisema. "Ni kichwa changu. Hizi mvi." Akavuta bati lake la vifaa, akaanza kupanga humo koleo na vibano. "Niliapa. Kwaherini."

"Unakwenda wapi sasa? Mimi naapa kila Jumatatu kuacha sigara."

"Mimi si wewe."

"Hilo najua," Bwana Maono alisema bila kinyongo, na kutokuwa na kinyongo huko kulimuuma Fundi kuliko tusi. "Lakini nani atamkunjisha Bibi koti? Mimi?" Akanyoosha ule mkono laini, akamshika Bibi kwenye kiwiko ili aonyeshe maono yake, akakipinda kwa nje, upande ambao hakuna kiwiko duniani kinachopinda.

"Acha!" Fundi alikuwa ameshafika mezani. "Acha, kichwa maji wewe! Unamvunja!"

Alimnyang'anya Bibi, akaunyoosha waya kwa ncha za vidole, taratibu, huku akimtukana Bwana Maono kwa sauti ya chini, mfululizo, kwa raha aliyokuwa hajaipata siku nne zote. Bwana Maono alirudi nyuma mpaka ukutani. Kiwiko kilipokaa sawa, Fundi alimsimamisha Bibi kando ya kitanda. Bati la vifaa lilikuwa bado wazi. Hakulifunga.

"Shangazi," alisema bila kugeuka, "huna kipande cha kitambaa cheusi hapo?"

Shangazi alifungua droo ya nguo za wanasesere. Kati ya visketi na vikoti vya urefu wa kidole akatoa kofia nyeusi ya mtu mzima, imeshonwa kwa mishono midogo, imetiwa bitana, imekunjwa vizuri. Ukunjo wake ulikuwa umeshika vumbi.

Fundi aliigeuza mikononi. "Umeishona lini hii?"

"Mwaka jana."

"Na hukusema?"

"Kwa mdomo wako huo?" Shangazi alisema. "Nani alikuwa na ubavu?"

Fundi aliwatazama mmoja mmoja. Mpwa alikuwa ameinamia kompyuta. Bwana Maono alikuwa akikichomoa kile kipini cha karatasi shingoni, uso umeelekea chini, asionekane anacheka au anasikitika. Fundi akaivaa kofia. Ilimtosha sawasawa. Akasimama kwenye utepe wake, akaanza upya, picha ya kwanza.