Kwa Rubiela, Nyundo Hubaki Ukutani

Ijumaa asubuhi, mjini Calarcá, nchini Kolombia, fundi Rubiela Ocampo anasikiliza gurudumu. Ameinua jipu kuukuu la Willys kwa jeki, ncha ya bisibisi ameigandamiza kwenye ekseli ya nyuma, mpini ameuweka sikioni, na kwa mkono mwingine anazungusha tairi. Ndani kunasagika kama kinu cha kahawa.

"Beringi imekwisha," anamwambia mwenye gari. "Ekseli bado nzima. Tukiitunza, Jumapili utacheza."

Mwenye gari, mzee Gildardo Henao, anashusha pumzi. Jumapili ni yipao, mashindano ya majipu, na yeye hajakosa hata moja tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Gari hujazwa ndizi nyuma mpaka pua inaelekea mbinguni, kisha huzunguka uwanja kwa magurudumu mawili. Uzito wote huangukia beringi za nyuma.

Ili kuifikia beringi, ni lazima kwanza kitovu cha gurudumu, ambacho mafundi hukiita habu, kitoke kwenye ncha ya ekseli. Habu ya Willys haitoki kwa kuombwa. Ukutani zimetundikwa nyundo nne, na pembeni upo mtungi wa gesi ya kuchomelea. Ipo pia pula ya miguu mitatu ya kuvutia habu, chuma kizito ambacho marehemu baba yake alikiunda kwa springi za lori. Rubiela anatoa gurudumu na nati ya ekseli, kisha anachukua pula.

"Dada, igonge tu," anasema Ovidio, fundi wa gereji ya jirani, aliyekuja kuazima spana akanogewa na kutazama. "Dakika tano tunakunywa kahawa."

"Nikiigonga, ncha ya ekseli itavimba kama kidole kilichobanwa mlangoni. Nyingine tutaitoa wapi kabla ya Jumapili? Kwa mama yako?"

"Basi ipashe moto."

"Moto utalainisha chuma. Kama una hamu ya kuchoma, nenda kachome mikate ya arepa."

Rubiela ana miaka hamsini na sita, na gereji hii ni yake tangu kaka zake walipohamia mji wa Pereira na kumwachia mafuta machafu na madeni. Wateja wa mwanzo walikuwa wakichungulia mlangoni na kuuliza fundi yuko wapi. "Nilikuwa nawaambia ametoka, waniachie ufunguo," anasema. "Jioni wakija, gari limepona. Wengine mpaka leo wanadhani yupo mwanamume anayejificha ndani ya shimo la kukagulia magari." Kazi kama ya leo humpa peso elfu tisini, na hapunguzi.

Anafunga pula, anaongeza bomba refu kwenye spana na kukaza. Chuma kinalia. Anasubiri, anakaza tena. Habu haitikisiki.

Kukaza zaidi ni kupasua habu. Mzee mwenyewe anaitazama nyundo kubwa.

"Igonge, binti yangu. Potelea mbali."

Rubiela anafungua pula na kuiweka chini. Anairudisha nati ya ekseli, lakini anaiacha imelegea mizunguko miwili, kisha anapitisha pini ili isidondoke. Anarudisha gurudumu na kushusha jeki.

"Pakieni ndizi."

"Ndizi?" anashangaa mzee.

"Kama za Jumapili. Gari lenyewe ndilo litakalotoa habu. Tutazunguka uwanja polepole, mizigo ikiwa nyuma, na uzito utaisukuma kwenye kona mpaka iachie."

"Na gurudumu likichomoka?"

"Nati ipo, mzee. Na mimi nakaa upande huohuo."

Akakaa kweli, kiwiko nje ya mlango, juu ya gurudumu alilolilegeza kwa mkono wake. Mzee akaendesha kana kwamba amebeba mayai. Mzunguko wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu, walipokata kona, ukatoka mlio kama wa bunduki, na kuku wa jirani wakatawanyika. Mzee Gildardo akakanyaga breki na kujishika kifua.

"Imeachia," akasema Rubiela. "Sasa shusheni ndizi zenu."

Habu ilitoka kwa mikono mitupu. Beringi ikafuata kwa pula ndogo, bila ubishi. Ncha ya ekseli ilikuwa safi kama ilivyotoka kiwandani, na mzee akaipitishia kidole mara mbili, machozi yakimlengalenga, wala hakuyaficha.

Nyuma ya gereji, chini ya turubai, ipo Willys nyingine, ya Rubiela mwenyewe. Bado haina milango. Anasema mwakani itaingia yipao, kwenye kundi la magari yanayopakia nyumba nzima, vitanda, sufuria na kuku.

"Mimi nitapakia gereji," anasema. "Spana zote, jeki zote. Pula ya baba itakaa juu kabisa, pale wenzangu wanapoweka picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Padri akinuna, anune."

"Na nani ataliinua kwa magurudumu mawili?" anauliza Ovidio.

Rubiela anafuta mikono kwa tambara.

"Yule mwanamume aliyejificha shimoni."