Kmotor Hakai Kwenye Kiti

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo neno hili naliandika kama nilivyolisikia: kmotor. Nilifundishwa na fundi Mslovakia aliyekuja Ifakara kutengeneza mashine za kukoboa mpunga, akazeekea Mlabani. Ndiye aliyemsimamia ubatizo binti yangu wa mwisho. Tulipotoka kanisani akaniambia, kuanzia leo wewe ni kmotor wangu, na mimi wako. Akaeleza kuwa asili yake ni Kilatini cha Kanisa, baba mwenza. Wacheki wanalo, Wapoland wanalo, hata Wahungari, ambao lugha yao iko mbali kabisa, wana la kwao la ukoo huohuo. Nikamwambia hata huku Mndamba na Mpogoro wanaazimana maneno kama majembe. Mwaka ule maji yalinisombea shamba zima, lakini hayo yana siku yake.

Mwaka jana binti akafariki.

Kwetu wafiwa tunakaa chini, mkekani. Kiti ni cha mgeni. Fundi nilimwekea kiti kizuri, cha mikono, mbele kabisa ya turubai, nikaona nimemheshimu. Kwa hesabu yangu msimamizi ni wa mtoto, na mtoto ndiye huyo tunamzika, basi undugu umeishia hapo. Makaburini nikaagiza aitwe kuweka udongo pamoja na wageni. Akaweka, akachukua baiskeli yake, hakula.

Wiki nne hakukanyaga kwetu Katindiuka. Mke wangu akaniambia, mzee, umemfukuza ndugu kwa kiti. Nilibisha, ila moyoni nilijua. Nikamfuata Mlabani, nikamkuta anapaka beringi grisi. Salamu aliitikia bila kuinua kichwa.

"Kwenu neno ni la mtoto," akasema. "Kwetu ni la sisi wawili. Yeye amekufa. Na wewe umekufa?"

Nikamwambia tu kwamba arobaini ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Alikuja. Nilikuwa mkekani na shemeji zangu, nikasogea. Magoti yake hayakunjiki tena. Alishuka polepole kama gunia linaloteremshwa kwenye lori, wajukuu wakacheka, naye akacheka kidogo. Tukala sinia moja. Watu walipotawanyika tulijaribu kunyanyuka, tukashindwa wote wawili. Basi tukabaki palepale, bega kwa bega, tukamlilia binti yetu.