Chupa ya Siagi ya Bi Nora

Juzi nilifungua friji, harufu ya krimu iliyoanza kuchacha ikanipiga puani, nikajikuta nimekaa sakafuni nalia kama mtoto. Acheni niwaeleze kwa nini, maana sijawahi kumwambia mtu.

Bi Nora alikuwa jirani yetu katika mtaa wa Lozells, huku kwa Waingereza, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Alikuwa Mwayalandi aliyekulia kwenye shamba la ng'ombe, na mpaka uzeeni siagi ya dukani hakuitaka hata kuiona. Alitia krimu kwenye chupa pana ya kioo, akaitikisa mpaka siagi ijitenge. Siku moja nyanya yangu alikwenda kumrudishia sahani, akamkuta katikati ya kazi, na kabla ya salamu akatiwa chupa mkononi. Huko kwao Bi Nora, ukiingia nyumba inayotengeneza siagi sharti utikise kidogo, la sivyo siagi itagoma. Nyanya hakujua Kiingereza, lakini huko Garissa alisukasuka maziwa kwenye kibuyu tangu utotoni. Alitikisa hadi mtandio ukamwanguka. Walicheka mpaka wakashikana mikono.

Tangu hapo chupa ile haikutulia. Ilikuja kwetu na siagi, ikarudi kwake na sambusa, wala haikwenda tupu hata siku moja.

Kisha Bi Nora akahamishiwa nyumba ya wazee, upande wa Newtown. Miguu ya nyanya ilishakataa mambo ya basi. Akatengeneza siagi mwenyewe, akaitia kwenye chupa, akaifunga kwa leso yake, akanikabidhi.

"Mpelekee Nora, mama. Mwambie naingoja chupa."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kwenye basi wakapanda wasichana wa darasa letu, wakaanza kuziba pua kwa harufu ya siagi na kunicheka. Nikashuka kituo kilichofuata, nikaitupa chupa kwenye pipa la taka, pamoja na leso yake.

"Amesemaje?" nyanya akauliza.

"Amesema thank you sana."

Akangoja. Mlango ukigongwa, alikuwa wa kwanza kuinua kichwa. Baada ya miezi akasema tu, "Nora amenichoka," na krimu hakuagiza tena. Bi Nora alipofariki, nyanya alikataa kwenda mazishini.

"Angekuwa ananitaka, angerudisha chupa."

Nilikuwa nimesimama pale pale mbele yake. Siri hiyo nikakaa nayo hadi nyanya naye tukamzika.

Utotoni nilidhani nimetupa siagi tu. Siku hizi namwona Bi Nora akilini, kwenye chumba chake, naye akisikilizia mlango. Wanawake wawili waliingoja chupa moja, na aliyejua iliko ni mimi peke yangu.