Boriti Moja Juu ya Mafiga

Sifa ni zake Mungu, aliyetulisha kabla hatujajua kuomba, na ambaye uzeeni amenibakizia meno machache na kumbukumbu nyingi. Namshukuru kwa mvua na kwa kiangazi. Namshukuru hata kwa mama mkwe wangu, ingawa shukrani hiyo imenichukua miaka.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mume wangu alifundisha shule ya misheni, na kila shule ilipofungwa kwa likizo ndefu alituhamishia Sola, kwenye kibanda alichojenga kando ya shamba letu la pamba. Walimu wenzake walikiita kwa mzaha nyumba ya mapumziko. Kilikuwa chumba kimoja cha udongo na nyasi. Yeye alipumzika. Mimi nilipanga chakula.

Gulio lilikuwa mbali, hivyo tulichobeba kilipaswa kutufikisha siku ya kufungua shule. Michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, niliitia kwenye chungu na kukiziba mdomo kwa udongo. Kunde nilizichanganya na majivu ili fukusi wasizitoboe. Asubuhi uji, mchana michembe na karanga, jioni ugali wa mtama. Na dagaa. Mimi nimezaliwa Lamadi, nyumba ya wauza samaki, na mama yangu hakuniacha niondoke bila kapu. Dagaa wasipopata moshi huingiwa na wadudu, na kibanda kile kilikuwa na boriti moja tu iliyofikiwa vizuri na moshi, ile ya juu ya mafiga.

Likizo ninayoikumbuka, mama mkwe alikuja kutoka Ngulyati na ng'ombe wake mmoja wa maziwa. Alimleta kwa ajili ya binti yangu, aliyekuwa ameachishwa kunyonya karibuni na homa ikamkondesha. Kibuyu chake cha maziwa nacho kilitaka moshi wa boriti ile ile.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu asubuhi ya kwanza.

Alikuwa anatazama juu. "Nani ametundika maiti pale?"

"Ni dagaa, mama."

"Kwetu maziwa hayalali na samaki. Ng'ombe hukauka."

"Ng'ombe atajuaje, mama, naye yuko nje?"

Akamgeukia mwanawe kana kwamba mimi sipo. "Binti wa wavuvi ananifundisha ng'ombe. Ulikosa mke mwenye harufu ya mtu?"

Mume wangu alifungua ukurasa mwingine wa kitabu chake.

Tangu hapo, akiteremsha kapu, nalipandisha. Aliweka mafiga yake mwenyewe karibu na mlango, hata tukawa tunapikiana moshi machoni. Mwiko wangu hakuugusa. Niliomba uvumilivu, na Mungu alinipa kwa matone.

Kisha maziwa yakapungua. Majani yalikuwa yamekwisha malishoni, kila mtu aliona. Yeye aliona kapu langu.

Mchana mmoja nilikuwa kisimani, naye mama mkwe yuko malishoni. Mtoto akalia njaa. Mume wangu alitaka kupoza mchuzi wa dagaa, akaumimina kwenye chombo kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa kibuyu cha maziwa. Mtu aliyekulia zizini! Mama yake aliporudi, alikinusa mara moja. Alikipasua kibuyu kwenye jiwe la mafiga, akamchukua ng'ombe wake akaondoka. Mimi nikirudi na mtungi wangu nikamkuta njiani.

"Mlisheni samaki wenu," aliniambia. "Mtoto akifa, mjue ameuawa na kapu."

Neno hilo nimelisamehe mara nyingi, kwa sababu hurudi.

Uji mtupu mtoto aliukataa. Nikapanga chakula upya. Dagaa wote wakawa wake. Niliwatoa vichwa, nikawakaanga kwenye chungu kikavu, nikawatwanga na kuwachekecha kwa kitambaa, nikachanganya unga huo na uji wa mtama na karanga. Mwanzoni alitema. Baadaye akawa anafuata kijiko kwa macho. Sisi wawili tulikula michembe mikavu.

"Leo hakuna kitoweo?" mume wangu aliuliza.

"Mwalimu, mchuzi wako uko kwenye kile kibuyu."

Akachukua mchembe mwingine.

Shule ikiwa karibu kufunguliwa, mama mkwe alitokea akitembea peke yake, amejifunga kaniki nyeusi kama aendaye msibani. Mtoto alimkimbilia, mashavu yamejaa. Bibi yake alisimama palepale.

"Mmempa nini?"

"Kapu, mama."

Alimwinua, akamnusa mdomo, akageuza uso. "Ananuka samaki," alisema. Lakini hakumshusha mpaka jua lilipoinama.

Likizo iliyofuata alikuja tena na ng'ombe. Kabla ya salamu alichimbia miti yenye panda nje ya kibanda, akafunga uchaga juu yake, na chini yake akawasha moto wa samadi.

"Maiti zako zitalala hapa," aliniambia.

Boriti ikabaki yake. Kwenye chungu changu hakula hadi alipozikwa, nami sikumkaribisha mara mbili. Binti yangu alikula kwetu sote wawili.

Nawe unayesoma, Mungu akilinde chakula chako na fukusi na moyo wako na uchungu, akupe subira ya kukaa chini ya paa moja na asiyekupenda, na watoto wako wote washibe. Amina.